Kugonga kioo na kusikiliza: namna wanafizika wanatafuta jengo lake la ndani



Komite ya gazeti iliniomba mafasirio ya fizika kwa ajili ya mwezi huu. Nimechagua kioo, sababu kuna sentensi moja ambayo sisi wote tumeiandika katika daftari, tangu wakubwa waliotutangulia mupaka wadogo wa leo. Inasema: «Vitu vigumu viko vya namna mbili. Kristali iko na atomu zilizopangwa kwa utaratibu. Amorfu, kama vile kioo, haiko na utaratibu.» Tunaishika kwa kichwa, tunairudisha siku ya intero, tunapata pointi zetu mbili, basi imekwisha.

Lakini mutu mwenye kufikiri atauliza: nani alikwenda ndani ya kioo kuangalia? Na neno «haiko na utaratibu» maana yake nini? Hata kidogo? Ao kuna utaratibu wa karibu, lakini wa mbali hakuna? Na kama uko wa karibu, unafika wapi mbele ya kupotea? Watu wenye akili sana wameshindana juu ya maulizo haya kwa zaidi ya miaka 50. Na chombo chao kimoja kikubwa hakikuwa jicho, ilikuwa sauti. Sauti nyembamba sana, ambayo sikio la mutu halitaisikia hata siku moja.

Wadogo wa kilasi za chini, musiogope na kuruka ukurasa. Hesabu iko moja tu, tena ni kugawanya.

1. KIOO NI KITU GANI?

Kioo safi kabisa kinatoka katika silisi, ndugu wa muchanga mweupe. Ndani yake kila atomu ya silisiumu imezungukwa na atomu nne za oksijeni, sawa piramide ndogo. Kila oksijeni nayo inashikwa na silisiumu mbili, hivi piramide zote zinashikana kwa ncha zao. Tangu silisiumu mupaka oksijeni kuna nanometre 0,16. Nanometre moja ni milimetre iliyokatwa vipande milioni moja. Unywele wa kichwa chako uko na unene wa nanometre 50 000 mupaka 100 000. Basi tunasema juu ya vitu vidogo kweli.

Sasa angalieni. Jiwe la kwarzi linajengwa na piramide zilezile, atomu zilezile. Tofauti iko wapi? Nitachukua mufano wa kiwanja chetu. Asubuhi, mbele ya bendera, tunapanga mistari: ukijua nafasi ya mwanafunzi mmoja na umbali kati ya mistari, unaweza kujua wa mistari kumi mbele amesimama wapi, hata kama umefunga macho. Ile ni kristali. Saa ya mapumziko, wanafunzi walewale wanasimama kwa makundi, kila mumoja ameshika mikono ya wenzake. Kisha kapita anapiga filimbi: «Musitikisike!» Wote wanakauka pale walipo. Kila mumoja angali ameshika wenzake, na umbali kati ya mutu na jirani yake ni uleule. Lakini ukitaka kujua nani amesimama metre ishirini mbele, hesabu yako haifai tena. Ile ndiyo kioo.

Mutu aliyefasiria jambo hili kwanza kwa mchoro ulio wazi ni William Zachariasen, mwana wa Norvege, katika mwaka 1932. Alichora muviringo wa atomu sita hapa, wa tano pale, wa saba kando, yote imeshikana bila kurudia-rudia. Ilikuwa mawazo tu, hakuna aliyeona kwa macho. Miaka 80 ilipita. Katika 2012 watafiti walifaulu kuangalia ngozi ya kioo yenye unene wa atomu chache tu, kwa mikroskopi ya elektroni, na picha ilifanana sana na mchoro wa zamani ule.

Kioo hakiko cha chupa na dirisha tu. Kitu chochote kinachoyeyuka kinaweza kuwa kioo, kama kinapoa mbio kupita wakati ambao atomu zinahitaji ili zijipange. Sukari iliyochomwa na kupozwa mbio inakuwa bomboni yenye kung'aa: ni kioo. Ndugu zetu wa Goma, waliofikiwa na moto wa Nyiragongo katika 2002 na tena katika Mei 2021, wanajua lava iliyopoa: ngozi ya juu, ile iliyopoa mbio sana, iko na kioo ndani yake. Hata chuma kinaweza. Katika 1960, huko California, watu walipoza muchanganyiko wa zahabu na silisiumu kwa mbio kubwa sana, wakapata kioo cha chuma.

Hapa niondoe habari moja ambayo inatembea kati yetu. Wengi wanasema kioo ni maji mazito yanayoshuka polepole, na kwamba vioo vya makanisa ya zamani ya Ulaya ni vinene chini sababu vimetiririka. Hapana. Mwalimu mumoja wa Brezili, Edgar Zanotto, alipiga hesabu katika 1998 akaonyesha ya kuwa ingeomba wakati mrefu kupita umri wa ulimwengu. Baadaye watafiti walipima kioo kilichotengenezwa sawasawa na kile cha kanisa la Westminster, Londoni. Kwa miaka milioni elfu moja kingetiririka nanometre moja hivi. Vioo vile vilikuwa vinene upande mumoja tangu siku fundi alivifanya. Kioo ni kitu kigumu.

2. KWA NINI JICHO HALITOSHI

Mwangaza tunaoona uko na mawimbi ya nanometre 400 mupaka 700. Kwa mwangaza huu atomu ni ndogo sana. Ni sawa kujaribu kupima unene wa sindano kwa kamba ya kufungia ng'ombe.

Miali ya X, ile ambayo hospitali inapigia picha ya mifupa, iko na mawimbi mafupi yanayolingana na umbali wa atomu. Tangu 1912, kwa kazi ya Max von Laue, tunajua ya kuwa ukipiga miali ya X ndani ya kristali, inatoka kwa matone yaliyopangwa vizuri, na kutoka kwa matone yale unaweza kuhesabu nafasi ya kila atomu. Lakini ukiipiga ndani ya kioo, matone yanapotea. Unapata miviringo minene yenye kuvimba, kama ule unaouona kuzunguka mwezi wakati wa ukungu. Miviringo ile inasema ukweli, lakini ni ukweli wa wastani: «kwa kawaida jirani wa kwanza yuko umbali huu.» Inaanza kunyamaza ukiuliza juu ya nanometre mbili, tano, kumi. Na ni pale hasa swali letu liko: kati ya jirani wa karibu, ambaye tunamujua, na mutu wa mbali, ambaye hatumujui.

3. KUGONGA NA KUSIKILIZA

Mama anayenunua chungu sokoni hakatai kukiangalia, lakini hatosheki na macho. Anakigonga kwa kidole. Chungu kizima kinalia, chungu chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Kengele yetu vilevile, ile janti ya kamyo tunayoigonga kwa chuma: siku ikipasuka, hata mutu aliye mbali atajua bila kuiona. Sauti imepita ndani ya kitu chote na imetuletea habari ya ndani.

Lakini sauti gani inaweza kuleta habari ya nanometre? Hapa ndipo hesabu yetu moja:

urefu wa wimbi = mwendo wa sauti : frekansi

Frekansi ni hesabu ya mitetemo kwa sekonde moja, na tunaipima kwa herzi. Katika kioo cha silisi sauti inakimbia karibu metre 6 000 kwa sekonde (katika hewa ni 340 tu). Basi tugawanye:

– «La» ambayo gitari ya korale inafuata, herzi 440: ndani ya kioo wimbi lake ni metre 13,6.
– Ekografi ya mama mwenye mimba, megaherzi 5, ndiyo mitetemo milioni tano: milimetre 1,2.
– Gigaherzi 6, ndiyo milioni elfu sita: elfu moja ya milimetre.
– Gigaherzi 440: nanometre 13,6.
– Teraherzi 1, ndiyo milioni milioni moja: nanometre 6.

Muone: gigaherzi 440 ni «la» yetu ileile, lakini imepandishwa mara milioni elfu moja, ndiyo sababu metre zimegeuka nanometre. Sikio letu linaishia herzi 20 000 hivi. Popo anafika 100 000. Mbele ya pale hakuna nyama wala ndege anayetufikisha kwa teraherzi.

Na faida ya wimbi fupi ni gani? Mutu aliyekaa pembeni ya ziwa anaijua. Wimbi kubwa la upepo linapita katika matete ya ufuko kama hayako. Lakini yale mawimbi madogo unayofanya kwa mukono, yakiingia katika matete, yanakatika-katika na kufa, sababu urefu wao unakaribia nafasi iliyo kati ya shina na shina. Sasa fikiri usiku, hauoni matete. Unatuma mawimbi makubwa: yanapita. Unatuma ya wastani: yanapita. Unapunguza, unapunguza, na ghafula yanaanza kutawanyika. Bila kuona tete hata moja, umejua nafasi yao ni ya kadiri gani! Wanafizika wanafanya hivyo ndani ya kioo: wanapandisha frekansi na kuangalia ni wapi sauti inaanza kusumbuliwa. Urefu wa wimbi la pale ndio kipimo cha kitu kilichofichwa.

4. NANI ANAWEZA KUFANYA SAUTI YA NAMNA ILE?

Hakuna ngoma wala gitari ya gigaherzi. Watu walipata njia tatu.

Njia ya kwanza: kuacha kioo kijilie chenyewe. Kitu chochote chenye joto kinatetemeka ndani bila kupumzika. Katika 1922 Mufaransa Léon Brillouin alifasiria ya kuwa mwangaza ukigongana na mitetemo ile, rangi yake inabadilika kidogo sana, na badiliko lile linasema frekansi ya sauti. Katika uzi wa kioo unaobeba simu, mwangaza unaorudi nyuma umebadilika karibu gigaherzi 11. Sauti ile iko na wimbi la nanometre 540 hivi. Njia nzuri, lakini wimbi lingali refu.

Njia ya pili: nyundo ya mwangaza. Katika 1984, kwenye universite ya Brown huko Marekani, Humphrey Maris, Jan Tauc na wenzao walitumia lazeri inayowaka kwa muda mufupi sana, unaohesabiwa kwa pikosekonde. Pikosekonde ni sekonde iliyokatwa mara milioni milioni. Siku hizi kazi hii inafanywa mara nyingi kwa kupaka kioo ngozi nyembamba ya chuma, kama aluminiumu. Lazeri ikiipiga, ngozi inapata joto, inavimba ghafula, na kuvimba kule kunasukuma kioo: sauti inaondoka. Ni sawa kupiga mulango kofi moja kali.

Na namna gani kusikiliza kitu kinachopita mbio vile? Hakuna saa ya mukono itakayofaa. Wanakata mwangaza wa lazeri mara mbili. Sehemu ya kwanza inagonga. Sehemu ya pili wanaipitisha njia ndefu kidogo, ili ichelewe, kisha inafika kuangalia. Kwa pikosekonde moja mwangaza unatembea milimetre 0,3. Basi ukirudisha kioo cha kujitazamia nyuma kwa milimetre 0,15, njia ya kwenda na kurudi inaongezeka 0,3, na umechelewesha mwangaza pikosekonde moja. Wanapima wakati kwa rula! Mimi naona hii ni nzuri kupita mashine zote. Kwa njia hii, katika 1991, Zhu, Maris na Tauc walitangaza vipimo vya sauti ndani ya kioo cha silisi mupaka gigaherzi 440, ile «la» yetu ya nanometre 13,6.

Njia ya tatu ni ya miali ya X, lakini si ile ya hospitali. Muji wa Grenoble, Ufaransa, uko na muviringo wa mashine wenye mzunguko wa metre 844, ambamo elektroni zinakimbia karibu sawa mwangaza na kutoa miali ya X yenye nguvu. Muali ukiingia katika kioo na kugongana na mtetemo, unapoteza ao unapata nguvu kidogo. Kidogo namna gani? Inaomba kupambanua sehemu moja kati ya milioni kumi hivi. Ni sawa kupima barabara ya kilometre 1 000 na kutambua ya kuwa imepungua sentimetre 10. Lakini kwa kazi ile wanafika teraherzi na kupita.

5. WALISIKIA NINI?

Habari inaanza katika baridi kali. Peter Debye alikuwa amefasiria katika 1912 namna kitu kigumu kinavyochukua joto, kwa kuhesabu mitetemo yake: ukikaribia baridi ya mwisho, −273 °C, joto linalohitajiwa linapungua kwa kipimo cha tatu cha temperature. Ukigawanya temperature kwa mbili, joto linagawanywa kwa nane. Kwa kristali ilikubaliana. Wote walifikiri kioo kitafuata, sababu kwa baridi ile mawimbi ni marefu, na wimbi refu halioni matete. Lakini katika 1971 Robert Pohl na mwanafunzi wake Zeller, kwenye universite ya Cornell, walionyesha ya kuwa vioo havitii. Chini ya digri moja juu ya baridi ya mwisho, kioo kinachukua joto kingi kupita sheria. Na tena, vioo vya namna mbalimbali vilifanya sawasawa. Kitu kilikuwamo ndani ambacho daftari haikutaja.

Kisha kuna jambo la pili. Ukihesabu mitetemo yote ya kioo cha silisi, karibu na teraherzi moja unakuta mingi kupita hesabu ya Debye. Wanaita ziada ile «kilele cha bozoni». Kumbukeni orodha yetu: teraherzi moja ni nanometre chache. Ni kule kwenye giza, kati ya jirani wa karibu na mutu wa mbali!

Basi wakauliza: sauti inayofika pale, inaendelea kutembea ao inakwama? Na hapa kukawa vita ya maneno. Katika mwaka mumoja, 1996, kundi moja lenye Waitaliani lilitangaza ya kuwa ndani ya silisi mawimbi yanaendelea kutembea hata kupita frekansi ya kilele. Kundi la Montpellier likatangaza kinyume: karibu na teraherzi moja mawimbi yanatawanyika sana, hayasafiri tena. Kioo kilekile, mwaka uleule, majibu mawili.

Wangeweza kutukanana na kubaki vile. Lakini walirudi kwa kipimo. Shida ilikuwa hii: mahali pa ugomvi palikuwa pembeni kabisa ya uwezo wa mashine, pale haioni vizuri. Watu wa Montpellier pamoja na mutafiti wa Grenoble walichukua silisi iliyokandamizwa kwa nguvu kubwa. Katika kioo kile kilichobanwa, jambo linatokea kwa frekansi ya juu zaidi, ambako mashine inaona vizuri. Katika 2003 walionyesha mwanzo wake: mupaka fulani sauti inapita bila taabu kubwa, kisha kufa kwake kunapanda kwa kipimo cha nne cha frekansi. Frekansi mara mbili, sauti inakufa mara kumi na sita kwa nguvu. Ni sheria ya Lord Rayleigh, ileile inayofanya mbingu iwe buluu, sababu mwangaza wa buluu wenye wimbi fupi unatawanyika kupita mwekundu.

Katika 2009 Giulio Monaco na Valentina Giordano, Grenoble, walipima kioo kingine: gliserini. Ndiyo, ile ambayo watu wanapaka ngozi! Ikipoa karibu −85 °C bila kuganda, inakuwa kioo. Walikuta jambo lilelile: mawimbi yakifika urefu wa nanometre chache, mwendo wa sauti unapungua, kufa kwake kunapanda ghafula, na ziada ya mitetemo inapatikana palepale.

Maana yake? Kwa wimbi refu, kioo ni kitu kimoja laini, sawa ukuta uliopakwa chokaa. Kwa wimbi la nanometre chache, ukuta ule unaonyesha mawe yake: hapa pagumu, pale pepesi, bila kupangwa. Hivi wengi wanavyofasiria. Lakini wengine hawakubali. Katika 2011 Aleksandr Chumakov na wenzake, wakifanya kazi Grenoble, walionyesha ya kuwa hata kristali iko na rundo la mitetemo karibu na pale, na kwamba kilele cha kioo kinaweza kuwa rundo lile lile, ambalo limeshushwa na kutandazwa. Ukisikiliza hivyo, kioo na kristali ni ndugu wa karibu kupita vile daftari yetu inasema. Mabishano haya yangali yanaendelea. Philip Anderson, aliyepata zawadi ya Nobel, aliandika katika 1995 ya kuwa swali la kioo labda ndilo lenye kina kupita yote ambayo bado hayajajibiwa katika fizika ya vitu vigumu.

6. «KAPITA, ILE INATUSAIDIA NINI?»

Najua kuna atakayeuliza hivyo. Nitajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni joto. Ndani ya kioo joto linatembea kwa mitetemo. Charles Kittel alionyesha katika 1949 ya kuwa, katika joto la kawaida la nyumba, mitetemo ile haisafiri hata nanometre moja mbele ya kupotea njia. Ndiyo sababu kwarzi inapitisha joto mara nne na zaidi kupita kioo cha silisi, ingawa atomu ni zilezile. Mpangilio peke yake umebadilisha kazi. Mutu anayetaka kutengeneza kitu kinachozuia joto inamupasa ajue habari hii.

La pili ni nyuzi za kioo zinazobeba simu na intaneti. Katikati ya uzi wanaweka silisi yenye germaniumu kidogo, ili mwangaza ushikwe ndani. Na germaniumu iko kwetu, katika mabaki ya kiwanda yale yanayofanya kilima cheusi cha Lubumbashi ambacho kila mutu anakijua. Sasa, hata uzi mzuri wa kawaida unapoteza nusu ya mwangaza kwa kila kilometre 15 hivi, na sehemu kubwa ya hasara ile inatoka katika fujo ndogo iliyogandishwa ndani ya kioo siku kilipopoa. Ile fujo ya wanafunzi wa filimbi! Hakuna sabuni itakayoiosha. Tena ile sauti ya gigaherzi 11 inabadilika uzi ukipata joto ao ukivutwa, karibu megaherzi moja kwa digri moja. Basi mafundi wanalaza uzi ndani ya daraja ao kando ya bomba, na kwa kusikiliza wanajua ni metre ya ngapi inayoumia, mbele daraja halijaanguka.

Ndugu zangu, udongo wetu unatoa germaniumu. Lakini anayejua kwa nini uzi unapoteza mwangaza ndiye atakayeuza uzi. Anayejua tu kuchimba atauza udongo. Mimi sioni ya kuwa hiyo ni habari ya mashine za Grenoble peke yake. Inaanza hapa, siku mwanafunzi anapokataa kushika sentensi kwa kichwa bila kuuliza: «nani aliangalia, na kwa kipimo gani?»

7. KWA DAFTARI ZENU

Sentensi ya daftari haiko ya uongo, iko fupi. Chini yake muongeze hivi: «Kioo ni kitu kigumu. Karibu, jirani kwa jirani, atomu zake ziko na utaratibu unaofanana na wa kristali. Mbali, utaratibu ule haujirudii. Kati ya hayo mawili, kwa nanometre chache, sauti inaanza kutawanyika, na swali liko wazi.»

Kwa wale wanaopenda kufanya bila kungojea laboratwari:

a) Gonga chupa tupu kwa kijiko, kisha iliyojaa maji nusu, kisha iliyojaa kabisa. Sauti inapanda ao inashuka? Fasiria. (Chupa za refekteri zinahesabiwa kila jioni, musijaribu kwa nyundo.)

b) Katika kioo cha silisi, sauti ya gigaherzi 3 iko na wimbi la kadiri gani? Unywele wa kichwa ni mnene mara ngapi kupita wimbi lile?

c) Kioo cha kujitazamia kimerudishwa nyuma milimetre 3. Mwangaza umechelewa pikosekonde ngapi?

Wa kwanza atakayeleta majibu matatu sawasawa, pamoja na mafasirio, jina lake litaandikwa katika gazeti linalofuata. Mwalimu wa fizika amekubali kusahihisha. Na mwenye kuona ya kuwa nimefasiria kitu kwa kifupi mno, aniulize mbele ya etude ya jioni. Musiniulize wakati wa etude, sababu saa ile mimi ndiye ninayepaswa kunyamazisha wengine.



Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, seksio ya Sayansi